Nilikula hela iliyotumwa kimakosa, tangu hapo mambo hayaendi. Hii ndo karma au ni akili yangu tu?

Hesabu Kwanza

Wakuu habari za jioni. Naomba msinitukane kwanza, someni mpaka mwisho ndo mtukane.

Mimi ni dereva boda hapa Morogoro, kijiwe chetu kipo maeneo ya Msamvu. Mwaka jana mwezi wa kwanza, ile wiki shule zinafunguliwa, saa tatu usiku nimekaa zangu home simu ikatoa mlio wa meseji, kucheki nimepokea laki na themanini kutoka kwa mtu simjui, jina la kike. Hazijapita dakika mbili anapiga. Sikupokea. Akapiga tena na tena, alipiga mara 11 mimi naiangalia tu simu inavyotambaa kwenye meza. Halafu ikaja meseji, kaka samahani nimekosea namba, hiyo ni ada ya mtoto naomba unirudishie Mungu atakubariki. Nikazima simu.

Sasa muelewe hali niliyokuwa nayo. Nilikuwa nadaiwa hesabu ya siku 9, elfu nane nane, na bosi kashasema Jumatatu anachukua chombo chake. Tairi la nyuma limekwisha limekuwa kama upara. Saa 12 na nusu asubuhi nilikuwa kwa wakala, hata meza alikuwa hajaipanga vizuri, nikatoa yote. 72 nikampa bosi, 45 nikanunua tairi, nyingine ikaisha kama zinavyoishaga. Nilipowasha simu nikakuta meseji ya mwisho: "Sawa kaka umeshinda. Nitakusomea albadiri."

Nikacheka aisee. Ila wiki tatu baadae lile lile tairi likapasuka njia ya Kihonda nimembeba mama mmoja wa makamo na ndoo yake ya nyanya, tukalala chini, mimi goti, yeye kiwiko kilichunika na nyanya zote zikamwagika barabarani daladala ikapita juu yake. Mwezi wa nne nikaibiwa simu. Mwezi wa nane bosi kauza pikipiki, nikakaa miezi miwili sina kazi. Mwaka huu mtoto wangu wa miaka mitatu anashikwa na homa inaondoka inarudi, wiki iliyopita alilazwa siku nne.

Juzi ndo nikamwambia waifu hii stori kwa mara ya kwanza. Alikaa kimya muda mrefu halafu akasema malipo ni hapa hapa duniani, wewe ulidhani mtoto anaumwa nini. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Jamaa yangu kijiweni yeye anasema huo ni upuuzi kila mtu ana matatizo.

Swali langu, hii kitu ipo kweli? Na kama ipo nafanyaje iniachie?

Kahawa Chungu

Mara 11. Yaani ulihesabu kabisa.

Ngoja nikae pembeni nisije nikafungiwa akaunti bure.

Fundi wa Kona

Mkuu mimi mambo ya karma siyajui ila tairi nalijua, nina miaka 16 kwenye spana. Tairi jipya la nyuma halipasuki ndani ya wiki tatu kwa sababu ya machozi ya mtu. Kama bado unalo au ukinunua jingine, angalia ubavuni kuna namba nne zimefungiwa kwenye kiduara kirefu, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1419 maana yake limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019. Mengi ya bei ya kutupa yamekaa dukani miaka juani, mpira umekauka, ukiukunja unaona vimistari kama udongo wa kiangazi. Hapo weka upepo kupita kiasi kama mnavyopenda nyie madereva, abiria na ndoo ya nyanya, lami ya saa nane mchana, lazima lipasuke hata kama hela umepewa na askofu.

Tairi halijui hela imetoka wapi. Lakini wewe ulijua umebeba mtu.

Na hapo ndo pananishangaza kwenye bandiko lako. Umeorodhesha yule mama wa nyanya kwenye ADHABU ZAKO. Sasa kama lile tairi lilikuwa linakulipa wewe, yeye kiwiko chake kimechunika kwa dhambi gani, naye alikula ada ya nani? Ulimlipa nyanya zake?

Hesabu Kwanza

@Fundi wa Kona sikumlipa mkuu. Nilikuwa sina kitu siku ile, nilimpa pole nikamtafutia boda mwingine. Kusema ukweli nilikuwa sijaiangalia hivyo.

Mwana wa Kibokoni

Ndugu yangu, hili neno karma watu hulitumia kama fimbo ya kuwapigia maadui, "karma itamshika", na wenyewe lao silo hilo. Mimi nilifanya kazi miaka saba duka la vitambaa Biashara Street hapa Mombasa, tajiri wangu alikuwa Mjaini, mtu wa dini ya Jain ya kule India, si Baniani wa kawaida, hawa wana hekalu lao la marumaru jeupe pale Langoni lilojengwa 1963, wageni huja kulipiga picha. Mzee yule alikuwa hali nyama hali samaki hali yai, haya hayo tumezoea, lakini pia alikuwa hali viazi, hali kitunguu, hali thomu, hali karoti. Sisi twaleta viazi karai saa kumi na bajia zetu yeye yuatazama tu akinywa maji yaliyochemshwa. Na jua likizama mdomo umefungwa mpaka asubuhi.

Siku moja nilimuuliza kiazi kimekukosea nini. Akanambia ukikitoa kiazi waung'oa mmea mzima na vidudu vyote vilokuwa mle mchangani, na kila uhai uutoao kuna kitu chakuganda. Akachukua kipande cha kitambaa cheupe pale mezani akakitia tone la mafuta ya cherehani, akakipangusa sakafuni, kisha akachukua kingine kikavu akakipangusa pale pale. Cha mafuta kikatoka cheusi, kikavu ukikikung'uta vumbi latoka. Akasema roho ni kitambaa, tamaa na hasira ndio mafuta, karma ni vumbi. Kwao wao karma ni kitu hasa, chembe chembe ndogo sana zigandazo rohoni, si askari akuwindae njiani akupasulie tairi.

La pili. Kila mwaka wana siku nane za kufunga, kati ya Agosti na Septemba, Paryushan. Ile siku ya mwisho mzee alikuwa akizunguka duka zima, akisimama mbele ya kila mmoja, hata kijana wa kubeba mizigo, akiunga mikono na kusema Micchami Dukkadam, yaani niliyokukosea yote kwa kujua na kutojua nisamehe. Mwaka wa kwanza nilicheka. Mwaka wa tatu nilikuwa naingoja ile siku. Mshahara wallahi hakuongeza hata shilingi, lakini alikuja kwa miguu yake mpaka nilipokaa.

Wewe wauliza wafanya nini ikuachie. Yule mzee hakumngoja karma amfikie, aliwafikia watu.

Plot Namba Sifuri

Naona mnampamba huyu jamaa. Mimi nasema wazi hakuna kitu kinaitwa karma, na ushahidi ninao ndani ya ukoo wetu. Baba mdogo aliuza kiwanja cha marehemu kaka yake kule Kigamboni, watoto wanne yatima, mkubwa ana miaka 13. Alijenga nyumba mbili, akaenda hija, akaoa wa tatu, akafa na miaka 88 usingizini amezungukwa na wajukuu, mvua ikanyesha siku ya mazishi watu wakasema ni rehema. Wale watoto mmoja ni mimi.

Mama yetu alikuwa kila tukilalamika anasema mwachieni Mungu, malipo ni hapa hapa. Tukasubiri. Tulipokuja kupata akili ya kwenda kwenye sheria tukaambiwa madai ya ardhi yana ukomo, miaka 12, na muda ndo huo umekwisha tukiwa tunasubiri malipo ya hapa hapa. Karma labda haina ukomo wa muda, ila Baraza la Ardhi na Nyumba linao.

Ndo maana nikisikia mtu anamwambia aliyedhulumiwa "muachie karma" napandwa na hasira. Huo msemo unamsaidia sana dhalimu. Yule dada wa ada nina uhakika kuna mtu alimfariji hivyo hivyo badala ya kumpeleka polisi na kwa mtandao wa simu siku ile ile kabla hela haijatolewa.

Mama Selimundu

Mdogo wangu mimi nimekuja kwa ajili ya mtoto tu, ya hela watakuambia wengine.

Mke wako kaongea kwa uchungu simlaumu ila asirudie tena hayo maneno, na wewe usiyaamini. Mwanangu wa pili ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, sickle cell. Alipoanza kuumwa, vidole vimevimba analia usiku kucha, mama mkwe wangu aliitisha kikao, akaniuliza mbele ya mawifi zangu, "ulifanya nini kabla hujaolewa?" Nilikaa kwenye mkeka ule najitafuta dhambi, nikakumbuka mimba, nikakumbuka wanaume, nikakumbuka hata shilingi mia tano niliyoiba kwa shangazi nikiwa darasa la nne. Mwaka mzima nimeamini mtoto wangu analipa shilingi mia tano.

Halafu daktari akaja kutuchorea kwenye karatasi. Baba ana kinasaba kimoja, mama ana kimoja, wote wazima hawajui, kila mimba inayoingia kuna nafasi moja kati ya nne mtoto avikute vyote viwili. Kila mimba, ni kama kurusha upya. Na vimeenea huku kwetu kwenye mbu kwa sababu ukiwa nacho kimoja kinakusaidia malaria isikuue. Yaani kile kile kilichomkinga babu wa mume wangu ndo kinamtesa mjukuu. Sasa hapo nani kamkosea nani?

Mama mkwe alipoambiwa kwamba mwanae naye kachangia nusu, kikao hakikuitishwa tena hahaha.

Homa za kwenda na kurudi kwa mtoto wa miaka mitatu zina sababu, mpimwe malaria, mkojo, damu kamili, na kama hajawahi kupimwa selimundu ombeni apimwe. Ukikaa unasubiri karma imuachie utamchelewesha mtoto. Hilo likitokea ndo litakuwa kosa lako kweli.

Mzee wa Jumuiya

Naongezea moja kwa wenzangu Wakristo wanaopenda kunukuu "apandacho mtu ndicho atakachovuna". Ni kweli imeandikwa, Wagalatia 6. Ila someni na Luka 13, mnara wa Siloamu uliangukia watu 18 wakafa, Yesu akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Na kitabu kizima cha Ayubu ni marafiki watatu wanamwambia mgonjwa "utakuwa ulifanya kitu", na mwishoni wanaogombezwa na Mungu ni hao marafiki. Zakayo naye hakuuliza laana itaniachiaje, alisema kama nimemnyang'anya mtu namrudishia mara nne. Mara nne kijana, 720,000. Mimi nakupunguzia, rudisha moja.

Pune Kijana

Nimesoma India miaka mitatu, Pune, ngoja niweke sawa jambo. Karma kwa Kisanskriti ni tendo tu, linatokana na neno la kutenda. Siyo malipo. Malipo wao wanayaita phala, yaani tunda. Sisi tumechukua jina la mbegu tukaliita tunda. Na kwenye Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya pili mstari wa 47, mungu wao Krishna anamwambia shujaa Arjuna haki yako ni kwenye kutenda, siyo kwenye matunda yake. Buddha yeye akaenda mbali zaidi, akasema nia ndo naiita karma, ndo maana ukimkanyaga mende kwa bahati mbaya siyo sawa na kumwinda. Na aliwahi kuulizwa na mtu anaitwa Sivaka, eti ni kweli kila maumivu tunayopata yanatokana na tuliyoyatenda zamani? Akakataa. Akataja nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, mabadiliko ya hali ya hewa, kujitunza vibaya, kuumizwa, karma akaiweka mwishoni kama sababu mojawapo tu. Kwa hiyo hata kwa wenye neno lao, homa ya mtoto kwanza ni homa.

Ila nataka niseme upande mwingine ambao huku hatuuoni. Jamaa niliyepanga naye chumba ukutani kwake alikuwa na picha ya mtu mmoja mnene kidogo, suti ya bluu, miwani ya duara, kitabu mkononi. Mwanzoni nilidhani ni babu yake. Ni Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuandika katiba ya India, kazaliwa 1891 kwenye tabaka la wale waliokuwa wanaitwa wasiogusika. Watu wa tabaka lake walikuwa hawaruhusiwi kuchota maji kisima kimoja na wengine, na wakiuliza kwa nini wanaambiwa ni karma, mlitenda maovu maisha yaliyopita, vumilieni mtazaliwa pazuri. Unaona ilivyo tamu kwa aliyeko juu? Ambedkar akalikataa hilo, tarehe 14 Oktoba 1956 pale Nagpur akaingia Ubuddha na watu laki kadhaa nyuma yake siku moja. Jamaa yangu babu yake alikuwepo kwenye ule umati. Aliniambia bro, kwetu mtu akitamka karma tunaangalia kwanza yeye kakaa wapi.

Kwa hiyo @Plot Namba Sifuri nakuelewa sana.

Bibi wa Chumbageni

Assalaam alaykum wajukuu zangu. Nimesoma yote, mwaandika sana. Nawaambieni kuhusu albadiri kwa sababu naona huyu kijana ndiyo inayomtisha na hakuna aliyemgusia.

Tanga hii nimeiona ikisomwa tangu msichana. Mtu kaibiwa kuku, kaibiwa dhahabu, anakwenda kwa masheikh, wanakaa wanasoma majina ya wale watu 313 wa vita vya Badri, ubani unafuka, uji na mikate inaliwa. Mara nyingi hata haifiki kusomwa. Inatangazwa tu, "Ijumaa ijayo nasomesha", basi Alhamisi usiku dhahabu inatupwa uani imefungwa kwenye leso. Nimeliona hilo kwa macho yangu nyumba ya tatu kutoka kwetu. Na masheikh wengi wanaikataza, wanasema si katika dini kumwapiza mtu hivyo, na inaweza kumpata asiyekuwemo.

Sasa wewe mwanangu hofu yako iko kwenye kusomewa. Hata asiposoma mtu, haki ya mtu iko pale pale. Tumefundishwa toba ni kuacha, kujuta, kuazimia usirudie, na ikiwa umechukua cha mja kuna la nne, kukirudisha, na hilo Mwenyezi Mungu hakusamehei kwa niaba ya mwenyewe. Mtume alisema muflisi wa umma wake ni atakayekuja siku ya kiyama na sala zake na funga zake na zaka zake, lakini kamtukana huyu, kala mali ya huyu, basi wanagawiwa thawabu zake mpaka ziishe. Kwa hiyo hata huko ni hesabu, jina lako lenyewe Hesabu Kwanza.

Mtafute huyo bibie. Usimtafute ili mtoto apone, mtoto atapona kwa dawa inshallah. Mtafute kwa sababu una hela yake.

Hesabu Kwanza

Nimewasoma wote, Bibi shikamoo. Tatizo ni hili, laini ninayo niliirenew baada ya kuibiwa simu, ila namba yake ilipotea na ile simu. Nilienda kwa mtandao wakanitolea miamala ya mwezi ule nikaipata namba, nimepiga kapokea mwanaume wa Songea anasema hiyo laini kasajili mwaka huu huu. Nikajaribu kama namtumia, linakuja jina la huyo jamaa. Sasa nifanyeje? Nitoe sadaka?

Wakala Mama Neema

Usiitoe sadaka bado, umetafuta mara moja tu umechoka?

Mimi nimekaa kwenye kibanda cha wakala miaka tisa, nawajua watu wanavyokosea. Hawakosei hovyo. Ni mambo mawili, ama kageuza tarakimu mbili zinazofuatana, 47 kaandika 74, ama kidole kimeshuka kwenye kitufe cha chini yake, 5 ikawa 8, 4 ikawa 7. Jina linatokea pale kabla hujaweka namba ya siri lakini mtu mwenye haraka ya ada hasomi jina, anasoma kiasi.

Kwa hiyo alikuwa anamtumia mtu ambaye namba yake ni kama yako. Chukua namba yako, geuza tarakimu mbili mbili za mwisho mwisho, anza kupiga. Uliza kistaarabu, mwaka jana Januari kuna mtu alikuwa akutumie ada ikapotea? Mtu wa shule au wa hosteli hasahau kitu kama hicho.

Kahawa Chungu

Mama Neema anafaa upelelezi jamani.

Hesabu Kwanza

Wakuu nimerudi, ni siku sita zimepita.

Mtoto kwanza. Alipimwa mkojo, ni UTI, kapewa dawa ya siku saba leo anakimbiza kuku. Selimundu hana. Asante Mama Selimundu, waifu naye kakusoma, alilia kidogo akanipa simu bila kusema kitu.

Nilipiga namba tano. Ya kwanza haipo, ya pili mzee mmoja Singida alidhani mimi ni mkwe wake tukaongea dakika nne, ya tatu nikatukanwa, ya nne haipatikani. Ya tano kapokea mama mmoja sauti ya kichokozi, nikauliza kama nilivyofundishwa, akanyamaza, akasema "wewe ndo yule mshenzi?"

Ni mama wa hosteli. Alikuwa anapokea hela za kulala watoto wa sekondari, na anamkumbuka yule dada alivyokuja amekaa kwenye ngazi pale analia, mtoto wake wa kike alikaa nyumbani wiki mbili akichelewa fomu wani mpaka walipouza cherehani. Nikamuuliza na ile albadiri alisomesha? Akacheka, akasema baba, mtu kauza cherehani hela ya ubani angeitoa wapi. Hakusomesha. Yaani miezi yote ile mimi kila nikiteleza naangalia nyuma na hakuna kitu kilichosomwa.

Akanipa namba mpya. Nikapiga. Nikajieleza vizuri kabisa kwamba mimi ndo niliyepokea laki na themanini nataka kurudisha. Akaniambia matapeli mmebadilisha staili siku hizi, zamani mlikuwa mnasema ile hela tuma kwenye namba hii, leo mnarudisha, akakata na kunibloku. Nikapiga kwa simu ya waifu, akakata. Nikaona isiwe tabu, nilikuwa na elfu hamsini nikaituma moja kwa moja bila maneno. Nilisoma jina mara tatu kabla ya kuweka namba ya siri.

Kama saa nzima kimya. Saa tatu usiku, muda ule ule, ikaingia meseji kwenye simu ya waifu. Haina salamu haina asante.

"Zimebaki 130."

Tumekubaliana ishirini ishirini kila Jumamosi. Mama wa nyanya bado sijampata, kuna kijana wa sokoni Mawenzi anasema anamjua, kesho ananipeleka.

@Fundi wa Kona mnyororo umekatika leo asubuhi pale mzunguko wa Msamvu. Unaniuzia bei gani, na usiniletee wa mwaka 2019.

Fundi wa Kona

Mnyororo hauna tarehe mkuu, njoo tuupime kwa jicho. Uje na abiria wako ameshashuka.